Siku Kompyuta Yetu Ilivuka Ngambo

Mimi ni mutu wa majina. Mutumbwi ukitokea kwa mbali ziwani hapa Nchelenge, ninaweza kukuambia nani anapiga kasia, mama yake aliitwa nani, na mutumbwi wenyewe uliitwa nani kabla haujapakwa rangi nyingine. Wamama wenzangu wa kanisa wakibishana nani alibatizwa pamoja na nani, mwisho wake wanakuja kuniuliza. Sikusoma sana, lakini majina yakiniingia hayatoki.

Basi mutashangaa kwamba katika habari hii hakuna jina la mutu hata moja. Sababu ni mukwe wangu, bwana wa binti yangu wa mwisho. Habari hii ni yake sawa na ilivyo yangu, na jina lake haliwezi kupita kinywani mwangu, wala mukono wangu hauwezi kuliandika. Ni mambo ya buko. Na kama yeye hana jina hapa, nimeona haya kuwapa wengine majina na kumuacha yeye peke yake bila nguo.

Buko ni hivi. Mwanaume akioa binti yako, hakutazami usoni. Hali mahali unapokula. Haingii nyumbani mwako, hata mvua inyeshe namna gani. Anangoja mpaka siku utakayomwita wewe mwenyewe, upike, wamama waimbe, aingizwe mulangoni kwa heshima, na kila chungu kifunuliwe mbele yake. Wabemba wanaita siku hiyo ukwingisha. Kabla ya hapo, mukikutana njiani, yeye ndiye anatoka njiani. Mara moja mukwe wangu alinikuta kwenye njia nyembamba ya kwenda ziwani, amevaa viatu vyeupe vya kwenda kanisani. Aliruka pembeni, akazama mpaka magotini katika shimo tunamolowesha mihogo, akasimama humo amegeuza uso mpaka nikapita. Mihogo ilikuwa na siku nne ndani ya maji. Wale waliowahi kunusa muhogo wa siku nne wanajua alifika kanisani ananuka namna gani.

Ukwingisha wake nilikuwa nimeuchelewesha mwaka na zaidi. Watu nikawaambia nangoja mwanangu wa kwanza atoke Kitwe. Huo ulikuwa uongo. Kweli ni kwamba moyo wangu ulikuwa haujamukubali. Hakuwa muvuvi. Alikuwa na biro, ofisi ndogo ya fotokopi, kwenye njia inayoshuka bandarini, anapiga watu picha, anaandikia watu barua. Marehemu bwana wangu mikono yake ilinuka samaki mpaka siku ya mwisho. Huyu mikono yake ilinuka karatasi. Nilikuwa nikijiuliza: mwanaume anayenuka karatasi, siku ya upepo mukubwa atamusaidia nini binti yangu?

Sasa kompyuta. Mwanangu wa Kitwe alituma ile kubwa ya mezani, na kioo chake na sanduku lake na kamba nyingi kama matumbo ya mbuzi. Mukwe ndiye aliitengeneza pale kwenye biro yake mpaka ikaamuka. Lakini nyumba yao haikuwa imekwisha, na kwangu kulikuwa umeme na mulango wenye kufuli. Basi binti yangu akaibeba mwenyewe, akaipanga katika chumba changu cha kulala, kwenye meza kando ya kitanda. Hivyo mutu aliyeipa uzima hakuwahi kuona mahali inapokaa.

Binti aliitumia kuomba nafasi katika shule ya wauguzi kule Mansa. Alikuwa ameomba mara mbili miaka ya nyuma, na mara mbili jibu lilikuwa hapana. Hii ilikuwa ya tatu, na yeye mwenyewe alisema ndiyo ya mwisho, kwa sababu umri ulikuwa unamukimbia. Mimi niliitumia kusikiliza nyimbo za kwaya na kutazama upepo. Kuna picha ya upepo, inaonyesha ziwa letu lote na mishale inatembea juu yake. Nilipenda kumuambia muvuvi, "Kesho usiende," bila kumuambia nimejua wapi. Walianza kuniogopa kidogo.

Shida yangu ilikuwa moja: kompyuta ilisema Kiingereza. Mimi nilizaliwa ngambo, upande wa Kongo, nikasoma miaka mitatu kwa Kiswahili, nikajua kusoma kitabu cha nyimbo na barua. Baadaye niliolewa huku na nikajifunza Kibemba kwa masikio. Kiingereza ninakiona kama uzio usio na mulango. Siku moja binti yangu alinifungulia orodha ya luga katika kile chombo cha kufungulia kurasa. Kila luga iliandikwa kwa jina inalojiita yenyewe. Nikaona Kiswahili pale, kimekaa chini ya Kiingereza kama mugeni aliyekaribishwa.

"Nimeshakiongeza humu," binti akaniambia. "Kubonyeza mara moja tu, vyote vinakuwa Kiswahili."

"Bonyeza basi!"

"Hapana, mama. Shule ikishanijibu, ndiyo nitakubadilishia. Kwa sasa nyimbo na upepo tu. Usiguse kitu kingine. Umesikia?"

"Eya mukwai," nikamujibu, ile ndiyo ya heshima ya Kibemba, kama mutoto anayeahidi na kidole tayari kiko kwenye sukari.

Ilikuja siku ya kufungua ziwa. Kila mwaka serikali inafunga uvuvi miezi kazaa ili samaki wazae, na siku ya kufungua hakuna mutu mwenye miguu anayebaki nyumbani. Binti yangu alipanda mashua asubuhi kwenda kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani mwetu, kununua samaki wa kwanza, arudi kesho yake. Wengine wote walikuwa bandarini. Mimi goti langu lilikataa kushuka, nikabaki na kompyuta.

Nitasema ukweli. Sikungoja hata chai ipoe. Nilifuata njia ile aliyofuata binti, nikapata orodha ya luga, nikasukuma kile kidude cha mukono wanachokiita panya, nacho kikafanya kama panya kweli, kikakimbia. Likatokea swali. Mimi nilikuwa na sheria yangu: kitufe cha buluu ndicho cha kukubali. Nikabonyeza buluu. Likatokea swali lingine, nikabonyeza tena buluu. Kioo kikazimika kidogo, kikarudi, na maandishi yote yalikuwa yamegeuka ndoano. Sisemi kwa kutia chumvi. Zilikuwa herufi za mukunjo na vitone, kama mutu amemwaga kikapu cha ndoano mezani. Hata ukurasa wa upepo ulikuwa umejaa ndoano. Ni luga gani, sikujua. Nilichukua kitenge nikafunika kioo, nikatoka nje kuanika mihogo.

Mchana, jirani yangu alikuwa amekaa nami uani. Huyu ni mama wa Kongo, namuita jirani ingawa anakaa kule kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Analima tomati, analeta kuuza hapa, na akingojea kamyo, lori la kurudi, anapumuzika kwangu. Mudomo wake haupumuziki. Tukasikia kukohoa nyuma ya uzio. Mukwe wangu alikuwa anakohoa hivyo kila akikaribia, ili nijue kugeuka. Nikaingia ndani. Yeye akamuita jirani pembeni, wakanongona, na mara jirani akapiga vigelegele mpaka kuku wakapanda ukuta.

"Mama! Shule imemukubali! Binti yako amepata!"

Nikashika mulango. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ila hivi, mama. Mesaji ilitumwa tangu siku tatu, rezo ya mutandao ndiyo ilichelewa, imeingia sasa hivi kwa telefoni ya bwana yake. Ba shule banasema aingie kwa ukurasa yake, aseme ndiyo, leo hii, mbele biro yao ifunge. Asiposema, nafasi banapatia mutu mwingine. Na kule kisiwani bwana yake anamuita, anamuita, rezo hakuna. Neno yake ya siri iko mu kompyuta yako tu, yee mwenyewe alishaisahau. Bon, fungua kompyuta!"

Mimi nikatazama mulango wa chumba.

"Mama, juu ya nini haufurahi?"

Nikamuingiza chumbani, nikafunua kitenge.

Alitazama kioo muda murefu. "Mama yangu," akasema polepole, "hii umefanya nini? Umeivuta mu ziwa?"

Dunia nzima ilikuwa bandarini, na hata kama ungemuleta mwalimu mwenye Kiingereza cha kumwaga, Kiingereza hakikuwamo tena. Kulikuwa mutu mumoja tu anayejua kila kitu kinakaa wapi hata bila kusoma, kwa sababu anashinda mbele ya kitu kama hicho kila siku. Naye alikuwa nje ya uzio, ameupa mugongo mulango wangu. Na kuitoa kompyuta nje haikuwezekana, kamba ya umeme haikufika uani.

"Aingie tu!" jirani akasema. "Hii ni kompyuta, haina ndoa!"

"Chumba changu cha kulala? Kabla ya ukwingisha?"

"Nani atasema? Kuku?"

Kabla sijajibu, mukwe mwenyewe alipiga kelele toka nje: "Apana! Apana, mukwai! Siwezi!" Na tukasikia miguu yake inarudi nyuma hatua tatu.

Nilisikia aibu, na pamoja na aibu nilisikia kitu kingine. Kama angeingia, binti yangu angepata nafasi kwa dakika mbili. Hakuingia kwa ajili ya heshima yangu mimi, niliyemunyima chungu mwaka muzima. Na kosa la ndoano lilikuwa langu.

Basi tukapanga hivi. Mukwe akae nje, chini ya dirisha la chumba, mugongo ukutani. Jirani asimame dirishani, apokee maneno kwake na kuyaleta kwangu. Mimi nikae kwenye kiti na panya mukononi.

"Anasema," jirani akaanza, kifua mbele kama katekista, "tafuta vitone tatu. Vinasimama moja juu ya mwingine. Kule juu kabisa, ku mukono ya kuume."

Nikatafuta. "Hakuna."

"Anasema viko."

"Muambie hakuna kitu."

"Anasema, kwa heshima yote, viko." Kisha akaongeza la kwake: "Mama, kuume ni upande unashika nao kijiko."

"Ninajua kuume! Labda ni wewe. Umesimama unanitazama, kuume kwako ni kushoto kwangu!"

"Mimi sisemi kuume yangu, nasema kuume ya yee!"

"Naye ametazama wapi?"

"Ametazama uzio!"

Kwa dirisha nilisikia mukwe anacheka, halafu anakohoa haraka kuficha kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko chake. Kilikuwa kicheko kizuri, sikukitazamia.

Tukabishana hivyo mpaka honi ikapigwa njiani. Kamyo ya Mantapala. Jirani akashika kichwa. Akiikosa, analala Nchelenge, na watoto wake wanalala bila kula.

"Nenda," nikamuambia.

"Na ninyi mutafanya namna gani?"

"Mungu anajua. Nenda."

Alikusanya vikapu vyake. Alipopita pembeni ya mukwe nilimusikia akimuambia, "Baba, kama aibu inaua, leo tutazika batu babili." Kisha honi ikaenda ikapotea, na tukabaki mimi na yeye na ukuta katikati.

Jua lilikuwa limeanza kuegama upande wa maji. Niliwaza biro ya Mansa, mutu wa huko anatazama saa yake, anashika kalamu kuandika jina la mutoto wa mutu mwingine. Binti yangu kule kisiwani anachagua samaki, hajui kitu. Mara mbili nilikuwa nimemuona anasoma hapana, na mara mbili alisema "haizuru," akaenda kufua nguo zisizokuwa na uchafu.

Halafu sauti ikatoka nje, ndogo, ya adabu sana.

"We kinu," ilisema.

Kinu changu cha kutwangia kilikuwa kimesimama pale chini ya dirisha.

"We kinu, musalimie mama. Umuambie, aangalie kona zote ine. Pengine vile vitone vilihama."

Alisema kwa Kiswahili. Yeye ni Mubemba, Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuziana samaki na watu wa ngambo. Nikaelewa ujanja wake na nikaupenda. Kwa Kibemba, neno moja kwangu lingekuwa buko lililovunjika. Lakini Kiswahili hapa kwetu ni luga ya soko, na sokoni kila mutu anasema na kila mutu. Pia hakusema nami. Alisema na kinu.

Pembeni yangu kulikuwa sanduku la nguo. "We sanduku," nikasema kwa sauti, "muambie kinu nimeviona. Viko juu, lakini kushoto. Kushoto kabisa."

"Sanduku ina hakika?" kinu kikauliza.

"Sanduku haina kichaa!"

"Na kile kimushale ya kurudi nyuma, kiko upande gani?"

"Kuume."

"Na maandishi inaanzia wapi?"

Nikatazama ndoano zile. Zote zilikuwa zimejipanga kwenye ukuta wa kuume, na upande wa kushoto zilikuwa zinaishia popote, moja ndefu, moja fupi. Hapo nikajua. Ilinijia mara moja, nikapiga meza.

Nilipokuwa musichana ngambo, ukitazama maji, mahali muto wa Luapula unaingia ziwani palikuwa kuume kwako. Niliolewa, nikavuka, nikatazama maji yaleyale, na Luapula ulikuwa kushoto. Mwaka wa kwanza nilikuwa ninapotea kila siku. Mama-mukwe wangu akisema upepo unatoka Luapula, mimi ninageuza shingo upande mwingine, wanacheka. Ziwa lilikuwa lilelile. Ni mimi nilihama.

"Sanduku!" nikaita. "Muambie kinu kompyuta imevuka ngambo! Kila kitu kiko, lakini inatazama toka upande ule. Kuume kwake ni kushoto, kushoto kwake ni kuume. Anielekeze kama kawaida, mimi nitageuza!"

Nje nikasikia kofi, amejipiga paja. "Eeeh! Njo vile! Kuna luga inaandikwa toka kuume! Mama, ni kweli kabisa!" Alikuwa amesahau kinu. Akakumbuka. "We kinu, muambie ni kweli."

Kutoka hapo tulitembea kama watu wawili katika mutumbwi mumoja. Yeye alisema kuume, mimi nikaenda kushoto. Alisema, shuka karibu na mwisho wa orodha, mustari wa pili toka chini. Nikashuka. Alisema, pembeni kutakuwa safu ya maneno, hesabu. Tulihesabu tukakosea, tukaingia mahali pa mapicha, tukatoka. Tuliingia mahali pengine pakaniuliza swali, na alama ya buluu ikanitazama.

"Kinu, kuna buluu."

"Usiguse!"

"Sijagusa!"

"Mama anapenda buluu," kinu kikasema kwa huzuni, na mimi nikacheka mpaka panya akaanguka mezani.

Mwisho tukafika. Orodha ya luga. Ndoano, ndoano, na katikati ya ndoano majina mawili niliyoweza kusoma, kila luga kwa jina inalojiita. Nilifurahi kama mutu aliyepotea mujini anaona watu wa kijiji chake.

"Kinu, nimeona Kiingereza. Na chini yake Kiswahili."

"Asante Mungu. Achague Kiingereza."

Nikashika panya kwa mikono miwili. Sikubonyeza.

"Kinu, nachagua Kiswahili."

"Apana mukwai! Tafazali! Kiingereza mimi najua, nitaelekeza maneno yote. Kiswahili ya kompyuta sijawahi kuona. Na saa inaenda!"

"Wewe unajua Kiingereza. Lakini nani amekaa kwenye kiti?"

Nje akapigapiga kinu kwa vidole.

"Nani ana macho kwenye kioo?"

"Ni mama," sauti ikasema.

"Basi."

Hapo nilijua ninaweza kuharibu mara ya pili kwa siku moja. Lakini mara ya kwanza nilibonyeza kwa kutazama rangi. Sasa kulikuwa neno, na neno hilo nililijua tangu utoto. Nikabonyeza. Kioo kikazimika. Nilihesabu pumzi zangu. Kikarudi, vitone vimerudi kuume, na kila kitu kilikuwa Kiswahili.

Si Kiswahili chetu, lakini. Kilikuwa cha pwani ya mbali, kimepigwa pasi, kina shingo ndefu. Mahali pamoja pameandikwa *Mipangilio*, pengine *Vipakuliwa*. Nikafikiri, vipakuliwa ni vile tunavyotoa mashuani, kwani huyu naye ana mashua? Lakini nilisoma. Nilisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na nje mukwe alikuwa akirudia nyuma yangu kama darasani.

Aliniambia ukurasa wa shule unafunguliwa wapi. Ulifunguka wenyewe, kompyuta ilikumbuka neno la siri la binti yangu. Kikatokea kisanduku kinauliza kama ninataka ukurasa huu utafsiriwe kwa Kiswahili. Nikasoma swali lote mbele ya kujibu. Nikakubali.

Juu kabisa kulikuwa jina la binti yangu. Mimi mutu wa majina nililisoma mara tatu. Jina lile nilimupa mwenyewe, kwa kumukumbuka mutu ninayemujua, na sasa lilikuwa pale, chini yake pameandikwa *Hongera, umechaguliwa*.

"Kinu, kuna vitufe viwili. Kimoja kijani, kimoja chekundu. Buluu hakuna. Ninabonyeza kipi?"

Akasema, naye hakutaja kinu: "Mama, acha rangi. Soma."

Nikasoma chekundu. *Ninakataa nafasi.* Nikasoma kijani. *Ninakubali nafasi.* Nikasoma tena kijani, herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo. Nikabonyeza.

*Asante. Jibu lako limepokelewa.*

Nilisoma hilo kwa sauti kubwa, dirishani, na nje kukatokea fujo. Kinu kilianguka. Kuku walilia. Mukwe wangu alikuwa anaruka, nikaona mikono yake miwili inatokea na kupotea juu ya dirisha. Na akapiga kelele kwa Kibemba, luga ya nyumbani, bila kinu, bila sanduku: "Natotela, mayo! Natotela!" Asante, mama.

Halafu akasikia alichosema. Mikono ikapotea. Nikasikia mbio, na uzio wangu ukalia mahali alipouruka. Nilipotoka kulikuwa kiatu kimoja pembeni ya kinu. Kilikuwa cheupe, na mukunjo wake mumoja ulikuwa bado una rangi ya matope ya mihogo. Nilikipangusa, nikakiweka juu ya kinu ili akikute.

Binti alirudi kesho yake na vikapu vya samaki. Alifungua kompyuta mbele ya kufungua mudomo. "Mama! Nani aliharibu hii?" Halafu akasoma. Halafu akakaa chini kwenye sakafu pale alipokuwa, na hakwenda kufua nguo yoyote.

Nilimutuma mutu kwa mwanangu wa Kitwe kumuambia kwamba simungoji tena, akikuja atakuta tumekula. Nilipika siku mbili mpaka Jumamosi iliyofuata. Kulikuwa kuku wawili, bukari, ule ugali wetu, samaki wa ziwa letu wa kuchoma na wa kukausha, maharagi, kisamvu chenye karanga. Jirani alikuja na kamyo ya kwanza toka Mantapala, na tomati zake, na habari yetu ameshaieneza kambi nzima. Wamama waliimba, mukwe akaingizwa mulangoni, macho chini, viatu vyeupe. Nikafunua chungu kwa chungu mbele yake. Kwenye kile cha kisamvu nilimuambia, "Huu ni muhogo. Muliwahi kukutana." Wamama hawakuelewa alicheka nini.

Alipokwisha kula, aliomba, kwa adabu yote, kuona kompyuta. Nikamuonyesha mulango wa chumba. Aliingia, akakaa kwenye kiti changu, akataka kumuwekea binti kitu fulani kwa ajili ya safari ya Mansa. Mimi nilirudi jikoni kuosha vyungu. Jirani alikuwa anakausha sahani. Tukasikia panya analia tik, tik, halafu kimya, halafu tik moja ya mashaka.

"Mama," ikatoka sauti nyuma ya ukuta. "Hii Kiswahili. Mahali pa kubadilisha mambo panaitwa nani?"

"Mipangilio," nikajibu toka jikoni, mikono ndani ya maji.

"Na iko wapi?"

Jirani alifungua mudomo. Nilimunyoshea kijiko anyamaze.

"Bonyeza vitone vitatu," nikasema. "Juu kabisa, kuume. Na usikimbilie buluu, mukwe wangu. Soma."